Msondo: Bendi Iliyolelewa na Chama cha Wafanyakazi

Ukunda ni mji wa wafanyakazi. Alfajiri wapishi, wahudumu, watunza bustani na walinzi wanatoka Bongwe, Mwabungo na mitaa ya nyuma ya barabara kuu, wanashuka kuelekea hoteli za Diani, na usiku wanarudi. Muziki unaopigwa kule ufukweni hupigiwa wageni. Ndiyo maana historia ya Msondo Ngoma inatugusa, ingawa bendi yenyewe ni ya Dar es Salaam. Iliundwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na katika miaka hii 60 na zaidi imebadilisha jina mara kadhaa bila kuvunjika.

Kabla ya chama palikuwa na watu wa kujitolea, na bila hao bendi isingepata pa kusimama. Tangu miaka ya 1890 miji ya pwani yetu, Lamu na Mombasa zikiwa mbele, ilikuwa na vikundi vya ngoma ya beni vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo. Kila kikundi kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na maofisa wa ngazi mbalimbali. Kazi yao ilikuwa kukusanya michango, kuwatazama wagonjwa na kuwazika wanachama waliofia ugenini, na hawakuwa na mshahara kwa hayo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliorudi makwao walieneza beni hadi bara ya mbali. Mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume ya uchunguzi ya serikali ilitaka kujua Mbeni, ngoma ya wachimbaji hao, ilikuwa na mkono gani katika mgomo ule. Wakoloni walikuwa wameona jambo la kweli: watu waliokwisha kujifunza kuchaguana, kuchangishana na kupelekeana barua kutoka mji hadi mji hawakuwa mbali na chama cha wafanyakazi.

Dansi ilifuata njia hiyohiyo. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baadaye zikaja Western Jazz, Kilwa Jazz, Rufiji Jazz na nyingine nyingi. Hizi zilikuwa klabu. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wengi wa wanachama walikuwa na ajira zao za mchana bandarini, relini au maofisini. Magitaa na ngoma vilikuwa mali ya klabu, na mpigaji akihama aliacha gitaa nyuma. Siku ya dansi palikuwa na mtu wa kukaa mlangoni na tiketi, wa kulipia ukumbi, wa kuhakikisha nyuzi na ngozi za ngoma zimepatikana kabla ya wiki ijayo. Watu hao hawasikiki katika sahani yoyote ya santuri, lakini bila wao hakuna santuri ambayo ingerekodiwa.

Chama kilichoiunda Msondo kilizaliwa katika msukosuko. Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi. Serikali iliwashuku viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi, ikawaweka kizuizini, na shirikisho lao la TFL, lililoanzishwa mwaka 1955 na kuwa na Rashidi Kawawa kama katibu mkuu wake wa kwanza, likavunjwa. Mahali pake kikaja chama kimoja cha nchi nzima, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Historia ya kumbukumbu haina haki ya kulifunika hili: chama kilichoilea bendi hii kilikuwa kimenyang'anywa uhuru wa kuwapigania wanachama wake dhidi ya serikali. Lakini ni chama hichohicho kilichoamua, katika mwaka wake wa kwanza, kwamba wafanyakazi wanastahili bendi. Mimi siwezi kulitaja moja nikaliacha la pili.

Bendi hiyo, kwa jina lake la kwanza NUTA Jazz, iliwakusanya vijana waliokwisha kupikwa na klabu. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji, alikuwa amepitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Joseph Lusungu alishika tarumbeta. Jambo jipya lilikuwa mshahara: mwanamuziki akawa mwajiriwa wa chama, analipwa kila mwezi, ala zimenunuliwa kwa fedha za chama. Mashirika mengine yaliiga mfano huo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na umoja wa vijana wa TANU, chama tawala, ukawa na Vijana Jazz.

Sikilizeni jinsi walivyopiga. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, cha ndoa, cha deni au cha rafiki aliyegeuka, na wenzake wanamwitikia. Gitaa la solo linapita katikati ya maneno bila kuyakanyaga, la rithimu linashikilia chini yake. Kisha maneno yanakwisha, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, ngoma zinakaza mwendo na wimbo unafika kwenye chemko, pale ambapo aliyekaa huinuka. Mtindo huo mashabiki waliuita Msondo, jina la ngoma ndefu ya Wazaramo, na jina hilo ndilo lililokuja kudumu kuliko majina yote ya chama.

Mawimbi ya Radio Tanzania hayakujua mpaka wa Lunga Lunga, kati ya Tanzania na Kenya. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka huo, na kutoka Vanga hadi Msambweni vipindi kama Klabu Raha Leo vilisikika kana kwamba vinatoka mtaa wa pili. Wanamuziki nao walipita. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, akiwemo Wilson Peter, walipiga na Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaja Mombasa, wakawa Simba Wanyika. Lakini upande wetu hawakukuta chama cha kuwapokea. Walijitegemea katika biashara ya baa na kampuni za santuri, na mwaka 1978 kundi likagawanyika.

Mwaka huohuo wa 1978 Dar es Salaam nako kulitikisika. NUTA ikawa JUWATA, na bendi ikafuata jina. Mlimani Park ikaanzishwa, na Gurumo na Hassan Bitchuka wakaondoka kujiunga nayo. Bendi yoyote ya mtu binafsi ingekufa kwa kupoteza sauti mbili kama hizo. Hii haikufa, kwa sababu nyumba ilikuwa ya chama, na waliobaki, akiwemo mpiga gitaa Said Mabera, waliendelea kuijaza. Moshi William, aliyejulikana kama TX, aliingia baadaye akawa sauti ya kizazi kingine hadi alipofariki mwaka 2006.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na mabadiliko ya siasa. Mwaka 1991 JUWATA ikawa OTTU, nchi ikaelekea vyama vingi, viwanda vikafungwa au kuuzwa, na mashirika yakaacha kugharamia bendi moja baada ya nyingine. Kidogo kidogo mkono wa chama ulilegea, mpaka wanamuziki wakabaki na jina la mtindo wao: Msondo Ngoma. Hapo ndipo desturi ya klabu za zamani iliporudi. Gurumo, aliyekuwa amepitia Mlimani Park na Safari Sound kisha akarejea, aliimba na kuongoza kwa pamoja. Mabera alipiga gitaa na kuongoza. Mambo ya ukumbi na ya msiba wa mwenzao yalirudi mikononi mwa wapigaji wenyewe. Gurumo alistaafu mwaka 2013, akafariki tarehe 13 Aprili 2014, na bendi ikapanda jukwaani bila yeye.

Hapa Ukunda mpiga gitaa akiachishwa kazi hotelini, mara nyingi anaondoka mikono mitupu, maana ala si zake wala si za kikundi chake. Lakini vikundi vyetu vya ngoma ya sengenya, vikitaka kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, huleta mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vyeo vilevile vya klabu za dansi, na wanaovishika hawalipwi. Hao tunao tayari. Na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kinakatiwa ada kutoka mishahara ya Diani kila mwezi. NUTA ilianza na ada kama hiyo.