Nyumbu Wanapozaa, Mmasai Anahamisha Ng'ombe

Historia ya wiki hii ni ya mifugo, na tuna sababu. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia Burundi, ikaua ng'ombe, ikafunga biashara ya mifugo. Kwa familia yenye mbuzi wawili tu, hiyo si habari ya redio, ni chakula.

Vijana wenzetu wengi wanasema wazee wa zamani walikuwa wanakisia tu, eti elimu ya mifugo ilianza na sindano ya veterineri. Sisi tunakataa. Angalieni Wamasai.

Kule Serengeti na Ngorongoro, nyumbu hawazai ovyo ovyo. Wanazaa karibu wote pamoja, ndani ya wiki chache, kati ya Januari na Machi, kwenye nyasi fupi. Ndama wakiwa wengi hivyo, simba na fisi hawawezi kuwamaliza. Wamasai waliijua tabia hiyo tangu zamani, na waliona jambo la pili: ng'ombe akilisha pale nyumbu walipozaa, baadaye macho yanavimba, makamasi yanamwagika, homa inapanda, anakufa. Basi msimu huo wakawa wanahamisha ng'ombe kwenda juu, kwenye majani mabaya, na kuacha malisho matamu. Hiyo si kukisia. Nani anaacha majani mazuri bure?

Mwaka 1960, Mwingereza Walter Plowright, mtafiti wa mifugo aliyekuwa Muguga karibu na Nairobi, alikipata kirusi chenyewe ndani ya nyumbu. Nyumbu hawaugui, wanakibeba tu. Wamasai walidhani ugonjwa unatoka kwenye kondo la nyuma. Utafiti ukaonyesha unatoka zaidi kwenye makamasi na machozi ya ndama wa miezi ya kwanza. Walikosea mlango, lakini nyumba ilikuwa ile ile. Na kwa kuwa ng'ombe aliyeugua ni shida kumponya, kukaa mbali na ndama hao kumebaki kinga kubwa.

Plowright huyo huyo alitengeneza chanjo ya sotoka, ile Warundi waliyoiita muryamo, iliyofyeka ng'ombe wa nchi hizi miaka ya 1890, wakati wa Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka imekwisha. Chanjo peke yake isingetosha: wafugaji ndio walioeleza ni wapi ng'ombe wanatoka machozi, wana vidonda mdomoni na wanahara, wachanjaji wakajua pa kwenda.

Tuongeze hili. Ng'ombe ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo anaficha ugonjwa. Mgeni akija dakika kumi anamwona amesimama vizuri. Mchungaji anajua kwamba tangu jana hacheui, na kwamba yule anayetangulia siku zote leo amebaki nyuma. Bila maneno hayo veterineri anatibu kwa kubahatisha.

Wazee wetu waliofuga Kivu ya Kusini bado wana majina ya dalili hizo, na ng'ombe hawana tena. Tuandikieni: kwenu ng'ombe aliyeacha kucheua anaitwaje, kwa Kirundi, Kifuliiru, Kibembe au lugha yoyote? Na siku ya kwanza walimfanyia nini?