Kutoka Mwanza kwa Garimoshi: Safari za Familia na Historia ya Kiswahili



Historia ya Reli ya Kati husimuliwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya miaka na kilomita: Wajerumani walianza ujenzi Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha Waingereza wakajenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Namna ya pili ni ya kumbukumbu za waliosafiri, nayo kwa sehemu kubwa imo vinywani mwa wazee. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mchunguzi wa Kiswahili hawezi kuipuuza namna hii ya pili, kwa sababu lugha yenyewe ilisafiri na familia hizo.

Kabla ya mwaka 1928, biashara ya Mwanza ilielekea ziwani. Pamba ya Usukuma ilivushwa kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901. Aliyetaka kwenda Tabora na pwani alifuata njia za wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma. Ingawa baadhi ya wapagazi walifuatana na wake zao, msafara haukuwa mahali pa ajuza wala mtoto mchanga. Garimoshi lilibadili hali hiyo. Mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam ukawa wa siku mbili hivi, na nyumba nzima ikaweza kusafiri: bibi, mama, watoto, na kuku kikapuni.

Tuyatazame maneno ya safari hiyo. Reli, stesheni na tikiti yametoka katika Kiingereza. Garimoshi limeunganisha gari, lenye asili ya Kihindi, na moshi, neno la Kibantu. Lakini abiria, nauli na shehena ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokwisha kutumika katika vyombo vya baharini kabla chuma cha kwanza hakijatandikwa. Mswahili aliipokea reli kwa msamiati wa jahazi. Mwanza msamiati huo ulirudi majini, kwani tangu mwaka 1948 shirika moja la Afrika Mashariki liliendesha treni na meli za ziwa. Msafiri wa Bukoba alishuka melini akapanda treni, akiwa abiria yule yule. Nalo neno behewa, katika kamusi za zamani, lilikuwa na maana ya ua wa ndani wa nyumba kubwa. Waliosafiri na watoto wao hawatashangaa kusikia hivyo.

Ndani ya behewa hilo Kiswahili kilifanya kazi. Familia iliyopanda Mwanza iliamkiana "mwangaluka", ikapita Malampaka, Shinyanga na Isaka ikizungumza Kisukuma, ikila michembe na viazi vilivyochemshwa nyumbani. Baada ya Tabora waliingia wasafiri wa Kigoma. Dodoma maamkizi yalikuwa "mbukwenyi". Mama aliyetaka kununua karanga dirishani, au kumwomba jirani amshikie mtoto, hakuwa na budi kutumia lugha ya wote. Watoto walisikia, wakaiga. Hapakuwa na mwalimu wala ubao, lakini somo lilidumu siku mbili, na la kurudi siku mbili nyingine.

Hata hivyo, tusiipambe picha hii. Wakati wa ukoloni madaraja ya treni yalifuata kwa kiasi kikubwa mgawanyiko wa rangi, na Waafrika walio wengi walibanana daraja la tatu. Msongamano huo ulikuwa dhuluma. Lakini humo humo Msukuma, Mgogo, Muha na Mluguru walikaa bega kwa bega wakatafuta neno la kuelewana. Mtafiti hana budi kuyasema yote mawili.

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la pamoja liligawanywa, na Tanzania ikaunda shirika lake la reli. Mwezi Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka cha reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 ya ile ya zamani. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Treni hizo hazina moshi, na huenda wajukuu wetu wakauliza kwa nini tunaziita magarimoshi.

Swali hilo litahitaji mashahidi. Tarehe za reli zimo katika nyaraka na zitangoja. Bibi aliyepanda treni Mwanza akiwa na mtoto mgongoni hatangoja. Wanafunzi watakaokwenda likizo kandokando ya ziwa wamwulize alikula nini njiani, aliketi na nani, na ni neno gani la Kiswahili alilojifunza kwanza. Kisha waandike kama alivyosema.