Salme Melini, Rindi Mlimani

Kuna bandari zisizo na bahari. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kufuata pembe za ndovu ilikata nyika kavu kwa siku nyingi, na mlima Kilimanjaro ulikuwa kwa wapagazi kama pwani kwa mabaharia. Huko palikuwa na mifereji isiyokauka, ndizi, maharage na asali. Watu wakitua mizigo, wakinunua chakula, wakipumzika, kisha wakishika njia ya Umasaini. Moshi ya siku hizo si huu mji wa tambarare uliokua baada ya reli kufika mwaka 1911. Ilikuwa juu, katika mteremko wenye migomba, makao ya Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara.

Rindi alijua thamani ya bandari yake. Baada ya Johannes Rebmann kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na kubishiwa na wataalamu wa Ulaya, wageni wengine walifuatana: von der Decken mwaka 1861, Charles New aliyefika penye theluji mwaka 1871, Joseph Thomson mwaka 1883, Harry Johnston mwaka 1884. Rindi aliwapokea, akawatoza, akawapima. Alikuwa na hasimu mkubwa, Sina wa Kibosho, na alichokitafuta kwa kila mgeni ni bunduki na urafiki wa kumshinda hasimu huyo.

Mwaka 1885 ndio uliomkuta kati ya pepo mbili. Mwezi Februari mfalme wa Ujerumani alikuwa ametoa hati ya kuzilinda nchi ambazo Carl Peters alidai kuwa wakuu wake wamempa: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sayyid Barghash wa Unguja alipeleka malalamiko yake Berlin, kisha akamtuma Lloyd Mathews, Muingereza aliyeongoza jeshi lake, aende Kilimanjaro kabla Wajerumani hawajafika. Mathews alipanda na askari na bendera nyekundu. Mwisho wa mwezi Mei wakuu zaidi ya 20 wa Uchaga na Taita walikiri kuwa ni raia wa Sultani, na Rindi alikuwa miongoni mwao. Haukutimia mwezi, akatokea Carl Jühlke, mwenziwe Peters, na Rindi huyo huyo akafanya mkataba na Wajerumani. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Lakini anayeitwa kigeugeu na wageni aghalabu ni mtu anayejaribu kubaki kwake.

Basi mlima ukawa na wenyewe wawili kwa karatasi, na hukumu yake haikukatwa mlimani. Ilikatwa katika bandari ya Unguja, mwezi Agosti wa mwaka huo huo. Na katika bandari hiyo, ndani ya meli ya Kijerumani iliyoitwa Adler, alikuwamo mwanamke mmoja aliyeuona mji wake bila ya ruhusa ya kuukanyaga.

Mwanamke huyo ni Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili aya za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wakati ule watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia katika siasa. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme, bado msichana, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama. Njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866 Salme alichukua mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akatoroka katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa na kuolewa, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na ya lugha ngeni.

Miaka 19 baada ya kutoroka, ndipo akarudi na Wajerumani. Alichokitaka ni fungu lake katika mirathi, na kusuluhishwa na ndugu yake. Alichokitaka Bismarck ni kingine. Binti wa Sultani aliyekuwa raia wa Ujerumani alikuwa hoja nzuri ya kuiweka mezani: akikataliwa haki yake, au akidhuriwa, manowari zina sababu ya kusema. Tarehe 7 Agosti kikosi cha Kamanda Paschen kilitia nanga mbele ya kasri. Sultani alipewa sharti la kukubali madai ya Ujerumani ya bara, na tarehe 14 akakubali.

Muda wote huo Salme alingoja melini. Msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa uzito wa kungoja huko. Mtoni iko ufukweni kaskazini ya mji, na chombo kitokacho kaskazini huipitia. Mbele ya bandari palisimama Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ambayo Salme hakuiacha alipoondoka. Mnuko wa karafuu huvuka maji bila ya kuomba idhini, mtu haruhusiwi.

Mambo yalipokwisha aliruhusiwa kushuka, akifuatana na maofisa wa Kijerumani. Watu walimjaa njiani wakimsalimu, na salamu hizo zilimuudhi Barghash, aliyekataa kabisa kumwona. Wajerumani walikwisha pata walilolifuata, na hoja iliyokwisha fanya kazi hukunjwa ikawekwa. Meli iling'oa nanga, naye akarudi Ulaya bila ya mirathi. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mtegemea cha dola ya watu hafi tajiri zaidi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mwaka 1888, Barghash alipofariki, alikuja tena. Akaondoka kama alivyokuja.

Kilimanjaro nayo ilikatwa mwaka 1886, pale Uingereza na Ujerumani zilipochora mpaka kutoka mto Umba, ukazunguka mlima kwa kaskazini, ukaendelea hadi ziwa Victoria. Husimuliwa kuwa Malkia Victoria aliutoa mlima kwa mjukuu wake kama tunu ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo ni tamu na si kweli, na ubaya wake ni kwamba inawafuta Rindi, Barghash na manowari, kana kwamba mlima haukuwa na wenyewe.

Rindi hakuacha kujaribu. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin, na mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina kama alivyotamani. Mwaka huo huo akafa. Mwanawe Meli alirithi urafiki uliokwisha geuka minyororo: aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakamshinda mwaka 1893, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo hapo Moshi ya zamani pamoja na wakuu wengine.

Salme aliishi mpaka mwaka 1924. Alifia Jena, akazikwa Hamburg, na husimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Haikuandikwa popote kuwa binti wa Mtoni na Mangi wa Moshi walipata kuonana. Hata hivyo mwaka 1885 uliwafunga kamba moja. Kila mmoja alidhani amempanda mgeni amfikishe anakotaka: yeye kwenye haki ya mirathi, mwenziwe kwenye ushindi juu ya Kibosho. Wote wawili walikuwa abiria. Na abiria, hata akitajwa jina lake kila siku katika mazungumzo ya wakubwa, hashiki usukani, wala haulizwi nanga itiwe wapi.