Safari ya Neno Jumla

Maalim mmoja mstaafu, mkaazi wa Nakapanya, wilayani Tunduru katika mkoa wa Ruvuma, na mtunzi wa mashairi kwa miaka mingi, ameniuliza swali ambalo kwa juu juu ni la kifundi. Aliyaweka mashairi yake katika ukurasa wa bure mtandaoni, yakakaa huko miaka kadhaa. Kisha siku moja akafungua asiuone ukurasa wala mwenyewe. Yaliyosalimika ni yale aliyokuwa ameyanakili daftarini kwa mkono wake. Sasa ataka tovuti iliyo yake mwenyewe, na vijana wamemtajia programu iitwayo Joomla. Auliza ni kitu gani hicho, na jina lake mbona kama la kwetu?

Nimeona nimjibu katika kurasa hizi, kwani sehemu ya pili ya swali lake ni historia, na wasomaji wetu ni watu wa maneno.

Jina ni la kwetu kweli. Ni neno *jumla*, lililoandikwa kwa masikio ya Kiingereza, na waliolichagua walilifasiri kuwa ni "wote pamoja". Lakini neno hili lilikwishasafiri kabla halijafika kwao. Katika Kiarabu *jumla* ni sentensi, na pia ni mkusanyiko wa vitu. Pwani yetu ililipokea ikalipeleka sokoni, likawa hesabu iliyokamilika, likawa bei ya jumla mbele ya bei ya rejareja. Kutoka pwani maneno ya biashara yalipanda bara pamoja na misafara. Wayao, ambao Maalim wetu anaishi katika nchi yao, walikuwa miongoni mwa wasafiri wakubwa wa karne ya 19 baina ya Ziwa Nyasa na Kilwa, wakibeba pembe na, tusifiche, wakiongoza watumwa. Waliporudi walirudi na nguo, baruti na Kiswahili. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Kiyao, alipotakiwa na Wajerumani asalimu amri, alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili, akakataa. Kwa hiyo mtu wa Nakapanya asidhani kwamba kuandika jambo lake kwa lugha hii na kulipeleka mbali ni ugeni ulioletwa na kompyuta.

Sasa tuje kwenye programu yenyewe. Huko Australia palikuwa na kampuni iitwayo Miro, nayo ilitengeneza programu ya kusimamia tovuti ikaipa jina Mambo. (Kijana wa Unguja akilisikia jina hilo atajibu "poa" kabla hujamaliza kueleza.) Mwaka 2001 ilitolewa kuwa programu huria, chini ya leseni iitwayo GPL, na mafundi wa nchi mbalimbali wakaiendeleza kwa kujitolea. Mwezi wa Agosti 2005 pakazuka mzozo juu ya taasisi iliyoundwa kuisimamia, maana mafundi waliona kwamba kampuni imejiwekea mkono mzito mno ndani yake. Tarehe 17 ya mwezi huo walitangaza kwamba wanajitenga.

Hapa ndipo penye utamu wa kisa hiki. Jina la Mambo lilikuwa mali ya kampuni, lakini maandishi ya programu, ule msimbo wenyewe, kwa leseni yake yalikuwa halali kwa kila mtu kuyanakili, kuyabadilisha na kuyatoa tena, maadamu naye atawaachia wengine ruhusa ile ile. Basi mafundi wakaondoka na kazi yao yote na kuliacha jina tu. Wakatafuta jina jipya, wakaliokota letu, na Septemba 2005 toleo la kwanza la Joomla likatoka. Kutoka Mambo kwenda Jumla! Mshairi angepanga hivyo angeambiwa analazimisha vina.

Wala mapenzi yao na Kiswahili hayakuishia hapo. Tarehe 17 Agosti 2021, miaka 16 kamili tangu siku ile ya kujitenga, walitoa toleo la 4 wakaliita Furaha. Na siku hiyo hiyo wakatoa toleo la 3.10 la kuwavusha watu kutoka la zamani, nalo wakaliita Daraja. Baada yake yakaja Kuamini, Uaminifu na Bora. Mimi husikia fahari nikiyasoma majina haya, na husikia uchungu kidogo pia, kwani lugha imetoa majina na wenye lugha tumetoa mafundi wachache. Hata hivyo hatukukaa bure kabisa. Mwaka 2004, kabla Joomla haijazaliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya uandishi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Ruhusa hii ya kunakili haipaswi kuwashangaza wapenzi wa mashairi. Tenzi zetu za kale ziliishi kwa naskha. Aliyekuwa na hati alimwazima mwenzake, naye akanakili, pengine akarekebisha neno, pengine akakosea, na hati ya kwanza ikiliwa na mchwa ya pili ilibaki. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, William Taylor akayahifadhi, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha. Shairi lenye nakala moja li hatarini daima, liwe la karatasi au la umeme.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa kurasa za bure. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwezi Oktoba 2009, kurasa za watu binafsi kwa mamilioni ziliondoka siku hiyo, zikabaki zile tu ambazo wapenzi waliwahi kuzinakili. Wenye kurasa hizo walikuwa wapangaji wasiojijua kwamba ni wapangaji.

Programu kama Joomla, au ndugu yake WordPress iliyoanza mwaka 2003 pale vijana wawili walipoichukua programu huria iliyokuwa imeachwa na mwenyewe, hutenganisha maneno na mavazi yake. Mashairi hukaa katika hifadhidata, kama diwani ndani ya sanduku. Sura ya tovuti, yaani rangi, herufi na mpangilio, hukaa kando katika kiolezo. Ukichoka na kanzu hiyo, waivua na kuvaa nyingine bila kugusa ubeti hata mmoja. Na ukikosana na aliyekukodisha nafasi katika seva yake, wachukua hifadhidata na mafaili yako ukahamia kwa mwingine. Kwa Maalim wetu faida hii yatosha.

Huria, lakini, si bure kwa kila hali. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka na nafasi ya seva kadhalika, na programu isipofanyiwa marekebisho yanapotoka hugeuka mlango wazi kwa wezi. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwadai wenye blogu leseni ambayo ada zake zilifika takriban shilingi milioni 2, na baadhi ya waandishi wakafunga kurasa zao. Kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mwaka 2020 na 2022. Mtunzi asiye na nia ya kutoa habari wala kufanya biashara aulize kwanza zinavyosema leo.

Kwa mwenye mashairi mia mbili tu, mimi ningemshauri WordPress, iliyo nyepesi zaidi kwa mtu mmoja, ijapokuwa moyo wangu uko na ile yenye jina letu. Nimemwandikia hivyo. Amejibu kwamba amenielewa, ila atachukua Joomla. Jina asiloweza kulitamka mbele ya wajukuu wake hatalipa mashairi. Amenijulisha pia kwamba daftari lile la mkono ameshalinakili mara mbili, moja liko kwa binti yake Masasi.