Taharuki Iliyohama: Kuisoma Leo Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale

Msomaji wa riwaya ya upelelezi aghalabu huingia kitabuni kwa shauku moja, nayo ni kumjua muuaji. Na kwa kuwa shauku hiyo huzimika pale siri inapofichuka, wako waliohukumu kwamba riwaya ya namna hii husomwa mara moja, kisha hutupwa kama kapi la muwa lililokwisha kutafunwa. Hukumu hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Dai langu ni kwamba taharuki ya kitabu hiki haijafa, bali imehama: imeondoka katika swali la nani aliyeua, ikakaa katika swali ambalo mwandishi mwenyewe, alipokuwa akiandika, hakuwa na njia ya kulijua jibu lake.

Tuanze na tuhuma kongwe, ile ya uigaji. Ni yakini kwamba Bwana Msa na kiko chake, pamoja na swahibu yake Najum, ni jamaa wa Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle, na nasaba hiyo sioni sababu ya kuikana. Lakini mwenye kuazima kiunzi hajaazima jahazi. Maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, inaonekana mzimuni; na mzimu, kwa mtu wa Unguja, ni mahali panapofukizwa ubani, panapofungwa vitambaa na kuwekwa nadhiri, mahali ambapo mtu hapiti ovyo wala hachungulii. Muuaji wa London hujificha katika ukungu na umati wa watu. Huyu wa Abdulla amesitiriwa na heshima na hofu ya jirani zake, kwa hiyo mpelelezi halazimiki kufuata nyayo tu, bali hana budi kupambanua kati ya lile ambalo watu wameliona na lile wanaloliamini. Mtunzi alikuwa na kila sababu ya kuufahamu mpaka huo kati ya kuona na kuamini, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, ambako sherehe ya jadi ya Mwaka Kogwa ingali ikiadhimishwa hadi leo, na alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kama kumi kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti mwaka 1948. Jicho la mkaguzi na sikio la mhariri yote mawili yamo kitabuni.

Nilipoirudia riwaya hii, hali nikimjua muuaji, nilichukua penseli nikaweka alama pambizoni kila mzimu ulipotajwa. Katika usomaji wa kwanza mahali hapo palikuwa panatisha. Katika wa pili niliwaona wanaotishika na wale wanaoutumia utisho huo, nikatambua kwamba mazungumzo marefu, ambayo msomaji wa zama hizi za haraka huyaona kuwa yanachelewesha kisa, ndiyo yanayobeba ushahidi wenyewe.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Tarehe 12 Januari 1964, miaka minne tu baada ya kitabu kutoka, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na baada yake mashamba makubwa yakatwaliwa na Serikali, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Bwana Ali, ambaye kwa msomaji wa mwaka 1960 alikuwa marehemu anayetafutiwa haki, kwa msomaji wa leo ni pia mtu wa tabaka lililokuwa likielekea ukingoni bila ya kujua. Bwana Msa anamtafuta aliyemwua mwenye mashamba. Swali la kwa nini wachache wayamiliki mashamba na wengi watumike humo halimo katika upelelezi wake. Haitakuwa insafu kumlaumu mtunzi kwa kutoyajua ya kesho. Hata hivyo ukimya ule nao ni ushahidi, na msomaji anayeusikiliza hushikwa na taharuki ambayo hakuna sura ya mwisho inayoweza kuimaliza.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wasiishie kuwauliza wanafunzi ni nani aliyemwua Bwana Ali, wala wasikifundishe kitabu hiki kwa muhtasari. Wawaache wakisome mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya siri, mara ya pili kwa ajili ya Unguja iliyokuwapo kabla ya 1964. Ndiyo sababu katika makala haya yote sikumtaja muuaji: kumjua ni haki ya msomaji, naye ataipata kwa kusoma.