Kusengenya

Kusengenya ni kumsema mtu kwa ubaya wakati yeye hayupo. Kutokuwapo huko ndiko sharti lenyewe: ubaya uleule ukisemwa mbele ya mwenyewe hugeuka tusi au simango, naye anaweza kujibu. Pwani husemwa pia kuteta, ingawa kwa wengine kuteta ni kugombana tu. Wala si lazima mdomo ufunguke. Kung'ong'a ni kumfanyia mtu ishara za dharau akiwa amegeuka, na kumramba mtu kisogo huweza kuwa kwa ishara au kwa maneno.

Ukweli haumwokoi msengenyaji, na hapa ndipo wengi hujitetea bure kwa kusema, "Kwani nimedanganya?" Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamelea maadili ya Waswahili kwa karne nyingi, ghiba ni kumtaja mwenzio kwa jambo asilolipenda hata kama analo kweli. Kama hanalo, hiyo ni buhtani, yaani kumsingizia, na dhambi yake ni nyingine. Kurani, Sura ya 49, aya ya 12, hufananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa, na hadi leo msengenyaji huambiwa anakula nyama za watu. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham (eneo la Syria ya leo) wa karne ya 13, alitaja sababu sita zinazoruhusu kumsema asiyekuwapo, zikiwamo malalamiko ya aliyedhulumiwa mbele ya hakimu na nasaha kwa anayeulizia habari za mchumba.

Mahakama hutazama kinyume. Katika kesi za kashfa nchini Kenya na Tanzania, ambazo sheria zake zina mizizi Uingereza, aliyeshtakiwa akithibitisha kuwa alichosema ni kweli, amejitetea. Mdai naye huonyesha kwamba maneno yalimfikia mtu wa tatu na kwamba aliyelengwa ni yeye. Kenya iliwahi pia kuifanya kashfa kuwa jinai, hadi Februari 2017 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba. Tangu hapo aliyechafuliwa jina hutafuta fidia kwa kesi ya madai.

Maneno mengine ya ukoo huu hutofautiana kwa mahali yanapopelekwa. Umbea husambaa kokote penye masikio, na mara nyingi nia yake ni utamu wa habari kuliko chuki. Kuchongea kuna mpokeaji maalumu: mwenye uwezo wa kuadhibu, kama bosi, mume au mwalimu. Fitina huingizwa kati ya wawili wanaopatana ili waachane, na mwenye kazi hiyo huitwa mfitini, mchonganishi au kizabizabina. Majungu hupikwa, hasa maofisini na katika vyama vya siasa, na hayapikwi na mtu mmoja. Kuzua na kupakazia ni uongo mtupu. Udaku, uliokuwa upekuzi wa siri za wengine, ulipata biashara yake Tanzania magazeti binafsi yalipoongezeka miaka ya 1990. Magazeti ya udaku yakawa na wasomaji wake, wakiwamo wengi waliojidai hawayasomi.

Anayetaka kusema bila kusemwa kuwa amesengenya hutumia fumbo. Kijembe au mpasho hurushwa mlengwa akiwapo, lakini jina halitajwi: huimbwa katika taarabu, huandikwa kwenye kanga, husemwa kwa mtoto ili jirani asikie. Njia hii naiona kuwa ya werevu kuliko usengenyaji wa kawaida, kwa kuwa anayelalamika amekiri mwenyewe kuwa kofia imemfaa.

Dawa ya kienyeji ya yote haya ni kusuta. Aliyesemwa hukusanya wenzake na mashahidi, wakamwendea msemaji nyumbani kwake na kumbana arudie mbele ya watu aliyoyasema pembeni. Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam wanawake huweza kwenda wakiwa wamevaa sare za kanga, kwa nyimbo, vigelegele na hata matarumbeta, mtaa mzima ukitoka kushuhudia. Aliyesutwa hupata jina jipya mtaani, na wapo waliohama nyumba kwa fedheha.