Wavu Ndani, Uzi Mmoja Nje: Nyumba Inayoamrishwa kwa Mbali Ilitoka Wapi

Wengi wetu katika chama hiki tuna nyumba mbili: chumba cha kupanga hapa Uingereza, na nyumba ya wazazi kule tulikotoka. Kamera ya getini, taa ya uani, pampu ya kujaza tangi la maji, siku hizi vyote vinaweza kutazamwa na kuwashwa kwa simu iliyo zaidi ya maili 4,000 kutoka pale. Tunavizungumza sana mikutanoni, hasa siku vinapogoma. Ndiyo maana katika toleo hili tumeliacha swali la fundi na kuuliza la historia: ufundi huu umefikaje hapa, na kwa nini una nguvu nyingi upande mmoja na udhaifu mkubwa upande wa pili?

Tuanze karibu na tulipo. Mwaka 1975, kampuni ndogo ya Pico Electronics, katika mji wa Glenrothes huko Scotland, ilianza mradi wake wa kumi. Miradi ya awali ilikuwa chipu za vikokotoo, na wa tisa ulihusu mashine ya santuri inayochagua nyimbo. Wa kumi ukaitwa X10, na jina likabaki hivyo hivyo. Wazo lake lilikuwa la kibahili kwa maana nzuri: nyumba tayari ina nyaya za umeme ukutani, basi amri zipite humo humo. Kila amri ilikuwa mpigo mfupi wa kilohezi 120, uliotumwa wakati mkondo wa umeme unapita kwenye sifuri, maana hapo nyaya zimetulia. Kila kifaa kilipewa herufi moja kati ya A na P na namba moja kati ya 1 na 16, yaani anwani 256. Mwaka 1978 vifaa hivyo vikaingia maduka ya Marekani, Radio Shack na Sears, na mtu wa kawaida akaweza kuzima taa ya sebuleni akiwa kitandani.

Kasoro yake ilikuwa kwamba X10 ya asili haikujibu. Kidhibiti kilitoa amri, kisha basi. Kama taa imesikia au haikusikia, hakuna aliyejua mpaka aende kuangalia. Friji au televisheni ikitia kelele kwenye nyaya, amri ilipotea. Kisha nyaya haziheshimu ua. Nyumba mbili zinazokula umeme wa transfoma moja, zikichagua herufi ile ile, mtu alizima taa yake na ya jirani ikazimika.

Tiba ya tatizo hili ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1964 Paul Baran, mhandisi wa shirika la RAND huko Marekani, alitoa ripoti kuhusu mawasiliano yatakayobaki hai baada ya shambulio la nyuklia. Alichora michoro mitatu ambayo wanafunzi wa kompyuta huiona hadi leo: nyota yenye kitovu kimoja, nyota kadhaa zilizounganishwa, na mchoro unaofanana na wavu wa mvuvi. Ukikata fundo moja la wavu, ujumbe huzunguka kwa mafundo mengine. Hesabu zake zilionyesha kwamba hauhitajiki wavu mzito. Njia zikiwa mara tatu au nne hivi ya zile chache kabisa zinazotosha kuyaunganisha mafundo yote, mtandao unastahimili hasara kubwa ajabu. Kwa hiyo wavu unaobeba leo amri ya taa ya jikoni, kwa nasaba yake, ni mtoto wa hofu ya bomu.

Kilichokuwa hakipo ni redio ya bei rahisi na ruhusa ya kuitumia. Ruhusa ilikuja mwaka 1985, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipofungua masafa yaliyokuwa ya mitambo na majiko ya mikrowevu ili yatumiwe kwa mawasiliano bila leseni. Redio rahisi ikafuata baada ya zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1999 kampuni ya Zensys ilianzishwa Copenhagen, nayo ikazaa Z-Wave, inayotumia megahezi 868 hapa Ulaya. Mwaka 2003 kikatoka kiwango cha IEEE 802.15.4 kwa redio ndogo zisizokula umeme mwingi, na juu yake ikajengwa Zigbee, iliyoidhinishwa Desemba 2004. Jina hilo limetokana na nyuki, ambao hurudi mzingani na kucheza kwa mtindo wa kupinda huku na huku kuwaonyesha wenzao maua yaliko.

Hapa ndipo nyumba ilipopata wavu wa kweli. Soketi ya ukutani haikuwa tena mpokeaji tu, ilipokezana ujumbe. Swichi ya getini isiyofikiwa na kidhibiti huipa soketi ya ukumbini ujumbe, nayo huipa balbu ya kibarazani. Z-Wave ya asili iliruhusu ujumbe upitie vifaa vinne njiani, na vifaa 232 katika mtandao mmoja. Na sasa kifaa kilijibu: nimepokea. Jibu lisipokuja, ujumbe hurudiwa au hutafutiwa njia nyingine. Neno hilo moja, nimepokea, ndilo lililokosekana Glenrothes, na kwa maoni yetu ndilo badiliko kubwa kuliko kuondoka kwenye waya.

Wavu huu una tabia zake. Kihisi cha betri hulala ili betri idumu, kwa hiyo hakibebi ujumbe wa mwenzake. Wanaobeba ni wale waliochomekwa kwenye umeme. Zigbee katika gigahezi 2.4 inagombania hewa na Wi-Fi na jiko la mikrowevu. Kuta nazo hudai ushuru. Mtu akitia mtambo huu katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya Lamu, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, atahitaji mafundo mengi kuliko mwenye nyumba ya mbao huku ughaibuni. (Na kuna bibi wa kila nyumba, azimaye taa kwa swichi ya ukutani kwa sababu ndivyo taa zinavyozimwa. Balbu iliyokuwa daraja hukatika umeme, na nusu ya vifaa vya uani hupotea. Bibi hana kosa.)

Sasa mlango wa nje. Kutazama kitu cha mbali kupitia mtandao kuna kisa mashuhuri cha chuo kikuu. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Cambridge, watafiti walichoka kupanda ngazi na kukuta birika la kahawa ni tupu. Wakalielekezea kamera, picha ya kijivu ya nukta 128 kwa 128, ikaonekana kwenye kompyuta za jengo lile. Mwaka 1993 picha hiyo iliunganishwa na wavuti, na dunia nzima ikaanza kulinda kahawa ya watu wengine mpaka kamera ilipozimwa Agosti 2001.

Birika lile lilionekana kirahisi kwa sababu kompyuta za chuo zilikuwa na anwani zao. Nyumba zetu hazina. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3, na mwaka 1994 ulichapishwa mpango wa kuzibana matumizi: nyumba nzima itumie anwani moja, na ruta igawe ndani. Wasomaji waliosoma bweni nyumbani wanaujua mpango huu kwa jina la S.L.P. ya shule. Ukiandika barua wewe, jibu litakufikia, maana karani anakumbuka nani aliandika. Barua ya mgeni iliyoandikwa S.L.P. peke yake, bila jina, haina wa kupewa.

Watengenezaji wakachukua njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa ruta, ili barua za mlango fulani ziende kwa kamera moja kwa moja. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliuzunguka ulimwengu ikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, ikateka mamia ya maelfu ya kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo viliishambulia kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikapotea kwa saa kadhaa kwa watu wengi.

Njia ya pili ndiyo iliyoshinda: kifaa chenyewe kiipigie seva ya kampuni na kuishikilia laini, nawe uingie kupitia hapo. Ni rahisi, na haitoboi ukuta. Lakini angalia kilichotokea. Ndani tuna wavu usiotegemea fundo moja. Nje tunaning'inia kwa uzi mmoja, na uzi huo una mwenyewe.

Revolv kilikuwa kidhibiti cha dola 300 hivi, chenye redio saba ndani yake. Kampuni ya Nest, iliyokwisha kununuliwa na Google, iliinunua Revolv Oktoba 2014, na Mei 2016 ikazima seva. Kilichobaki mkononi mwa wateja kilikuwa kibuyu cha plastiki. Insteon, iliyochanganya nyaya za umeme na redio katika wavu mmoja, pengine wavu imara kuliko wote wa zama zake, ilinyamaza ghafla Aprili 2022. Swichi ziliendelea kufanya kazi ukutani, lakini simu za wenyewe zilikata mawasiliano na nyumba. Mwezi Juni kundi la wateja likainunua mali yake na kuwasha seva upya, kwa ada.

Oktoba mwaka huo huo kilitoka kiwango kipya, Matter, kinachozitaka bidhaa za kampuni tofauti zielewane humo humo ndani ya nyumba, bila kuomba ruhusa ya seva ya mbali. Ni hatua kubwa. Ila kuhusu kuingia kutoka nje hakijaweka njia. Kila kampuni inabaki na yake. Wapo wanaojitegemea kwa Home Assistant, programu huria aliyoianza Paulus Schoutsen mwaka 2013, wakiiweka kwenye kompyuta ndogo nyumbani na kuingia kwa njia yao ya siri. Kwa mzazi anayepata intaneti kwa laini ya simu hili halitoshi, kwa kuwa mara nyingi ruta yenyewe imo ndani ya S.L.P. ya kampuni ya simu pamoja na maelfu ya wateja wengine. Hapo mtu wa kati lazima awepo, awe kampuni, awe seva ndogo ambayo ndugu wawili watatu wanachangia kodi yake kila mwezi.